Benchi la Shukrani

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Najua utasema nakuzeesha, lakini nikiiacha utasema mtoto kakosa adabu, na mimi kati ya kukuzeesha na kugombezwa nimechagua kukuzeesha.

Huku tu wazima. Mke wangu mzima, anasema nimenenepa. Mimi nasema ni suruali ndizo zinazopungua, na mimi ndiye fundi, najua zaidi. Kijana wetu mkubwa kapata kazi kwenye duka la vioo na wiki ya kwanza hakuvunja kitu, tukashukuru. Wiki ya pili sitaki kuizungumzia. Binti yuko kidato cha mwisho, anajua kila jambo, tunamwuliza hata hali ya hewa. Cherehani yangu inakohoa kuliko mimi. Shemeji hajambo? Mgongo wake umeacha kelele?

Simu ulinikatia mwezi wa kwanza nilipomtaja Shangazi, kwa hiyo narudi kwenye karatasi. Karatasi ukiikata mimi sioni.

Bado niko kanisani na bado ni katibu wa Kamati ya Huruma. Usicheke. Walinichagua kwa sababu ya mwandiko, si utakatifu. Kazi yangu ni tatu: kutia viraka nguo zinazotolewa, kutunza ufunguo wa stoo, na kuandika maelezo ya wahitaji. Ungeona vitu vya mwezi huu. Mwalimu mstaafu kaleta kiatu kimoja cha kike, cha kulia. Nikamwuliza cha kushoto kiko wapi. Akasema anakitafuta, akikipata ataleta, kwa sasa mwenye shida aanze na hicho. Mwenye duka la dawa kaleta suruali yenye alama ya pasi makalioni, pasi nzima, hadi ncha yake. Mzee wa kanisa kaleta miwani ya marehemu baba yake na kuniagiza nimpe "mtu yeyote asiyeona." Nguo ambayo mtu anaona aibu kuitupa mchana, huku humletea Mungu. Na Mungu hana kabati, ana mimi.

Sasa nije kwenye jambo. Shangazi alianguka Januari pale bombani, akaumia nyonga. Mfupa umeunga lakini umeunga vibaya, kama mshono wa mwanafunzi. Hatembei. Anasukuma kigoda cha jikoni mbele yake, anakiegemea, anapiga hatua, anakisukuma tena. Kutoka kitandani hadi chooni ni safari ya kuaga watu. Nimemwomba ahamie kwangu, kasema nyumba yangu ina watu wengi wanaojua kila jambo.

Na stoo ya kanisa ina kiti cha magurudumu. Kipya, kimefunikwa nailoni, kililetwa na usharika rafiki wa mbali tangu kabla ya Krismasi. Kamati imekubali apewe yeye. Lakini apewe Jumapili ya Kutoa, wiki ya kwanza ya Julai, maana wageni waliokitoa watakuwepo na wanataka kukiona kikitolewa. Machi hadi Julai, dada. Kiti kinasubiri sherehe, nyonga inasubiri kiti.

Utaratibu haujabadilika tangu enzi zetu. Wapokeaji wanakaa mbele kwenye Benchi la Shukrani, wanatazamana na waumini. Katibu anasoma maelezo ya kila mmoja, ana nini, hana nini, maisha yamempiga wapi. Mtoaji anakuja, anampa, picha inapigwa, mpokeaji anasema asante kwa sauti inayofika viti vya nyuma.

Shangazi nilipomweleza alinitazama, akasema, "Benchi lile sikai." Basi. Nikambembeleza wiki nzima, jibu likawa lilelile ila bila neno "benchi."

Wewe alikuwa anakusikiliza. Mwandikie, hata mistari mitatu. Mwambie ni dakika kumi tu za aibu, halafu magurudumu maisha yake yote.

Mdogo wako,
katibu wa huruma

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Shemeji yako mgongo umetulia, sasa ni goti. Mashine kubwa ya kufulia ya hospitali iliharibika siku nne, tukafua mashuka ya wodi tatu kwa mikono, wanawake sita na mimi msimamizi wao nikiwa na miguu kwenye beseni. Hakuna aliyekuja kutupiga picha.

Msalimie mkeo. Mwambie suruali hazipungui. Msalimie kijana, mwambie vioo vyote huvunjika siku moja, asijilaumu. Msalimie binti na umwambie asipungue. Na hiyo cherehani, ipe mafuta badala ya kuitania.

Kuhusu usharika wako nilidhani umri ungewaponya, kumbe umewakausha tu. Huo mguu wa kulia mmoja ndio picha yao kamili. Wanatoa nusu, wanataka shukrani ya jozi. Na mwenyekiti wa kamati ni yuleyule bado? Yule niliyesoma naye darasa moja, mwenye kengele?

Kuhusu benchi sina la kusema. Kumwandikia sitamwandikia.

Swali moja tu. Ufunguo wa stoo umesema anao nani?

Dada yako

*

30 Aprili

Dada,

Shikamoo tena, na pole kwa mashuka.

Ndiyo, mwenyekiti ni yuleyule, na tunamwita Bi Kengele hadi leo, ingawa si usoni. Kengele yenyewe ameibadilisha, sasa ni ya shaba, anaigonga mezani mtu akitaka kusema jambo la maana.

Nimeona ulivyosalimia. Umesalimia mke wangu, watoto, hadi cherehani umeitumia mafuta. Shangazi hukumsalimia. Alikuwa amekaa pale karibu na dirisha nikisoma barua yako, akaniuliza, "Kasemaje?" Nikamwambia kakusalimia sana. Akasema, "Wewe tangu mdogo ulikuwa mwongo mwenye heshima," akaendelea kumenya viazi.

Sasa ufunguo. Ninao. Umening'inia hapa kwenye msumari juu ya cherehani, karibu na mkasi. Kila asubuhi tunatazamana. Unadhani sijafikiria? Lakini mimi ni katibu, dada. Nikichukua kitu stoo bila idhini, nitaitwa mwizi, na mwizi wa vitu vya maskini ni daraja la mwisho kabisa la wizi. Isitoshe nusu ya wateja wangu ni wanakwaya, na msimu huu wanashona sare. Umesoma hizo sababu? Mimi nimezisoma mara mbili nikazionea haya, lakini nimeziacha, karatasi ni ghali.

Juzi tulikuwa na kikao cha maelezo. Kikao cha kujadili wahitaji kilikuwa na sahani mbili za keki na moja ya karanga, ikaisha hiyo ya karanga kabla ya sala. Nikasoma maelezo niliyomwandikia Shangazi. Niliandika kwamba ni fundi nguo mstaafu, ameshona sare za kwaya hii miaka ishirini na tatu, amelea watoto wawili wa marehemu kaka yake, ameumia nyonga, anahitaji kiti. Nikakaa. Bi Kengele akagonga kengele.

"Katibu, mwandiko mzuri. Ila maelezo hayana machozi."

Nikauliza machozi ya nani.

"Ya wageni. Watu wametoka mbali. Ukiwaambia ni fundi, watasema kumbe ana kazi. Ukiwaambia amelea watoto, watauliza hao watoto wako wapi."

"Mmoja ni mimi," nikasema.

"Tunajua ni wewe, fundi, wala hatukulaumu," akasema kwa upole ule wake wa kukukanda kama unga. "Lakini wageni hawakujui. Andika hivi: Mama huyu hana mtu. Ametelekezwa na ndugu. Halafu weka kigoda. Kigoda ni kizuri sana, kigoda kitawamaliza."

Mchungaji akatikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba habari ya mimi kumtelekeza Shangazi imemfikia pale pale. Mwenye duka la dawa akaniambia nisikwazike, ni kwa utukufu. Na mimi, dada, nikachukua kalamu. Nikaandika "Mama huyu hana mtu" kwa mwandiko wangu mzuri, herufi ya kwanza nikaizungushia mkia. Halafu nikala keki.

Ndivyo nilivyo. Wewe uliondoka, mimi nikabaki nikishukuru.

Lakini niambie kwa nini hutaki kumwandikia. Siku tulipokaa benchi lile mimi nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na mbili. Nilipata koti lenye vifungo vya dhahabu, vya bati kumbe, na ilikuwa siku nzuri kuliko zote za utoto wangu. Wewe ulipata gauni la buluu. Nakumbuka ulilivaa mara moja. Sikumbuki ya pili.

Mdogo wako

*

27 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa mezani wiki mbili, nikiipita kila ninapokwenda kuchukua chumvi. Shemeji yako akauliza kama ni ya msiba. Nikamwambia wa zamani.

Umetaka kujua, basi jua, na usiniulize tena.

Mwaka ule cherehani ya Shangazi ilikuwa imeuzwa kwa mazishi ya baba. Mwanamke aliyeshonea mtaa mzima hakuwa na kipande cha kutushonea sisi. Akatupeleka kanisani. Kabla hatujakaa aliniinamia akanifuta uso kwa mate, akaniambia, "Tabasamu, mwanangu. Watu hutoa wakiona meno." Nikatabasamu. Waliposoma kwamba hatuna baba wala mama wala viatu, nikatabasamu. Wewe ulikuwa unachezea vifungo.

Gauni lilikuwa la mwenyekiti wako. Halikuwa la duka, lilikuwa lake, na lilikuwa na doa la wino karibu na mfuko. Shangazi akaazima sindano kwa jirani, akalifunika doa kwa ua la nyuzi nyekundu. Ua zuri, nakiri. Jumatatu nikalivaa shule. Yule alinisubiri mlangoni mwa darasa. Akaniambia nigeuke. Nikageuka, si nilishafundishwa kutabasamu. Akawaambia wenzake, "Chini ya hili ua kuna wino wangu." Hawakuamini. Basi akaanza kuchokonoa nyuzi kwa kucha, uzi mmoja mmoja, polepole, darasa zima limetuzunguka, mpaka doa likaonekana. Nusu ya ua ikabaki inaning'inia. Akasema, "Mnaona?" Wakasema wanaona.

Na mimi meno nje.

Nililitupa kwenye pipa la taka nyuma ya nyumba. Shangazi aliniuliza liko wapi, nikasema sijui, akanichapa kwa kupoteza kitu cha watu. Cha watu, ndivyo alivyosema.

Yule alikuwa mtoto mjinga wa watu wenye nafasi, amekua amekuwa mtu mzima mjinga wa watu wenye nafasi, simshangai. Dharau zangu kwake nimezikunja kama shuka, ziko rafu ya juu. Lakini aliyenipeleka pale kwa mkono wake na kunifundisha kucheka alikuwa Shangazi. Nikifua shuka lenye doa najua cha kufanya. Hili sikujua.

Kwa hiyo usiniombe nimwambie akae. Wala usiniombe nimwambie asikae, atajua namwonea huruma, na mimi sijaamua.

Koti la bati ulilivaa hadi mikono ikaishia kwenye viwiko. Unalivaa hadi leo, mdogo wangu.

Dada yako

*

15 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimefanya kosa, nalisema mwanzoni kabisa ili nisilizunguke.

Barua yako ilinikuta njiani kwenda kwa Shangazi, postamasta kanipa. Macho yake siku hizi hayasomi. Akasema, "Isome, na usinipunguzie." Nikafikiri ni ya goti la shemeji. Nikaanza kwa sauti. Nilipofika kwenye mate usoni nikataka kuruka, akasema, "Umeruka." Alijuaje? Kasema nikiruka napumua. Basi nikasoma yote, hadi rafu ya juu, hadi mimi na koti langu.

Viazi vilikuwa jikoni, vikaungua, hakuna aliyeinuka. Halafu akasema nimvutie lile sanduku la bati chini ya kitanda. Chini kabisa, ndani ya foronya, dada, kuna gauni la buluu. Alilitoa kwenye pipa siku ileile uliyolitupa. Ua limechokonolewa nusu, nyuzi zinaning'inia kama ulivyosema. Doa lipo.

"Nilijua mtu amelichokonoa," akasema. "Mshono wangu haufumuki wenyewe. Nikamchapa mtoto ili asinieleze. Angenieleza ningefanya nini? Mwezi uliofuata nilikuwa nahitaji unga wao."

Miaka yote hiyo hajakaa viti vya mbele kanisani, na mimi nikadhani ni unyenyekevu.

Nikamwambia basi ndiyo maana hataki benchi. Akasema ndiyo, alikuwa anakataa kwa ajili yako. Alidhani akikaa, siku utakayosikia utasema kumbe kwake benchi ni kitu cha kawaida. Halafu akasema neno nisilolitarajia.

"Sasa nitakaa. Nilimkalisha mtoto mahali pangu. Zamu ni yangu."

Nikambembeleza asikae. Mimi, dada, niliyembembeleza miezi mitatu akae. Hasikii. Kaniomba nimtungie sindano uzi mwekundu. Nilimtungia sindano saba, ili asinisumbue kila saa. Analimalizia lile ua kwa kupapasa, gauni kaliegemeza kwenye kigoda.

Jumapili ya Kutoa ni wiki tatu kutoka leo. Nitasimama pale nisome kwamba hana mtu, yeye akiwa amekaa, na meno nje, maana ndivyo atakavyofanya ili alipe. Yale maneno niliyaandika nikila keki. Niambie nifanye nini. Andika haraka.

Mdogo wako

*

29 Juni

Mdogo wangu,

Hakuna habari za kwetu.

Mwambie asikae. Zamu nilishaikaa mimi, nilikaa kwa niaba ya nyumba nzima, haina haja ya kurudiwa. Mwambie ni mimi niliyesema hivyo. Mimi, kwa jina langu lile alilokuwa ananiitia.

Na wewe, acha kuniuliza ufanye nini. Una miaka arobaini na tisa na ufunguo.

Dada yako

*

12 Julai

Dada,

Shikamoo.

Barua yako imefika Jumanne, siku mbili baada ya shughuli. Posta nayo ni muumini, inangoja ibada iishe. Kwa hiyo niliyoyafanya niliyafanya bila wewe, na ukiyaona ya kipumbavu ujue ni ya kwangu mwenyewe, hayajachanganywa na kitu.

Ijumaa nilimaliza sare ya mwisho ya kwaya. Jumamosi saa nne asubuhi nikautoa ufunguo msumarini, nikafungua stoo, nikavua nailoni, nikakisukuma kiti barabara kuu, katikati ya watu. Nilitaka nipite njia ya nyuma, tumbo langu ndilo lililokataa, kule kuna kilima. Muuza magazeti akaniita, "Fundi, nani mgonjwa?" Nikamwambia mimi, lakini nimeanza dawa.

Shangazi alikitazama. "Umeiba?"

"Nina ufunguo."

"Mwizi aliyefuzu lazima awe na ufunguo. Umeiba?"

"Nimeiba, Shangazi."

"Afadhali," akasema, akanyoosha mikono nimwinue.

Alipokaa alizungusha magurudumu nyuma, mbele, kama mtu anayejaribu cherehani mpya. Halafu akaenda mwenyewe hadi mlangoni, akatoka, akaenda hadi pale bombani alipoangukia. Akalitazama bomba. "Mjinga wewe," akaliambia, akarudi. Kigoda nimekirudisha jikoni.

Nilidhani yameisha. Asubuhi yake nikamkuta amevaa, ana kifurushi cha karatasi mapajani. "Nipeleke kanisani." Nikasema kiti unacho, unaenda kufanya nini? Akasema, "Kusali. Kanisa si la kamati."

Tukaingia kwaya inaimba. Magurudumu yalikuwa na tope la njiani. Bi Kengele alituona, nikamwona anahesabu moyoni: kiti, tope, nailoni hakuna. Akaja mbio zile za watu wanaotembea.

"Mama, tunaomba ushuke kidogo."

"Nishuke niende wapi?"

"Pale kwenye benchi. Ili tukupe kiti."

"Si nimeshakaa."

"Umekaa, ndiyo. Lakini hujapewa."

"Nisipopewa nitaanguka?"

"Mama, wageni wametoka mbali kuja kukupa."

"Waambie wamefika salama, mimi pia."

Mchungaji akafungua kitabu cha nyimbo na kuanza kutafuta ukurasa ambao sidhani umechapwa. Mgeni mkuu, mzee mmoja wa suti nzito aliyekuwa na hotuba yake mkononi, akauliza kama kiti kinaweza kupanguswa kwa ajili ya picha. Dada, nilikuwa nimeishi na watu hawa miaka yote nikidhani nawaogopa. Pale ndipo nilipogundua kwamba kumbe nawadharau, na nikaona raha, kama mtu aliyelegeza mkanda.

Kengele ikagongwa. Nikaitwa kusoma maelezo.

Nikapanda. Nikafungua karatasi. Nikasoma, "Mama huyu hana mtu." Nikaishia hapo. Ningependa kukuambia nilisimama kama simba, lakini nilisimama kama fundi aliyekosea kipimo. Nikasema, "Huu ni uongo. Mtu wake ni mimi, na mwingine yuko mbali, anafua mashuka ya wagonjwa. Mwongo aliyeandika ni mimi pia, mwandiko mnauona. Kiti nilikichukua jana, kwa sababu jana alikuwa anakihitaji, na juzi, na tangu Januari." Nikaikunja karatasi. Nikaona viti vyote vimejaa, mahali pa kukaa pamebaki pamoja tu. Nikaenda nikakaa pale, kwenye Benchi la Shukrani, nikitazamana nao. Nilikuwa nimesahau lilivyo fupi. Lilitengenezwa kwa ajili ya watoto.

Hakuna aliyejua kinachofuata. Ndipo Shangazi akaja mbele mwenyewe, kri kri kri, hadi kwa Bi Kengele. Akafungua kifurushi. Gauni limepigwa pasi, ua limekamilika, jekundu, limepinda kidogo kushoto kwa ajili ya macho yake.

"Hili lako," akamwambia. "Mwanangu alilivaa siku moja tu, halijachakaa. Ua ulilichokonoa nimelimalizia. Chini yake wino wako upo wote, sikupunguza."

Sauti yake ilifika viti vya nyuma, nakuambia, ilifika hadi barabarani. Bi Kengele alikuwa amenyoosha mikono, hajui kwa nini, miaka mingi imezoea kunyooka. Gauni likatua juu yake. Na mpiga picha, kijana wa watu, aliambiwa tu kitu kikitoka mkono huu kwenda mkono ule apige, akajiweka sawa.

"Tabasamu, mwanangu," Shangazi akasema. "Watu hutoa wakiona meno."

Na akatabasamu, dada. Mungu ni shahidi yangu. Kwa mazoea tu, meno yote. Picha naiweka humu ndani uione. Yeye mwenyewe alipoiona, nasikia, alikaa ofisini saa nzima kafunga mlango, na kengele haijagongwa tangu siku hiyo. Sijui alikuwa analia au akiniandikia barua ya kunifukuza. Yote mawili nimeyapokea, moja kwa bahasha.

Sare za kwaya wamepeleka kwa fundi mwingine. Kamati imeandika kuomba kiti kirudishwe ili kitolewe vizuri mwakani. Shangazi amesema hajibu barua za kamati akiwa amekaa, wasubiri asimame.

Barua yako ya tarehe ishirini na tisa nimemsomea, bila kuruka. Nilipofika kwenye "jina langu lile" alisema niishie hapo, hayo mengine umeniandikia mimi. Halafu akauliza, "Kanisalimia?" Nikaitazama karatasi mbele na nyuma. Safari hii sikumdanganya.

Mdogo wako,
asiye katibu

*

1 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Hili ndilo neno nililokosa kukuandikia miaka thelathini na mbili, tangu niondoke, kwa hiyo nimeliweka peke yake kwenye mstari wake, lipate nafasi.

Picha nimeiona. Nimelitazama ua, siyo meno. Umelipinda kushoto. Hata zamani ulikuwa unapindisha kushoto, na mimi nikijaribu kushona yangu hupinda upande huohuo.

Nimeomba likizo. Mashine imetengenezwa, wanawake wangu sita wanaweza kunivumilia kutokuwepo wiki tatu. Nafika Alhamisi ya tarehe kumi na nne, basi la mchana. Mwambie huyo kaka mnene asilete watu kunipokea. Aje na wewe tu, njia kuu, si ile ya kilima.

Nilikuwa nimeandika kurasa nne. Mna mate, mna pipa, mna kiboko, na mengine ambayo hata yeye sijamwandikia. Nimezitoa kwenye bahasha. Huyo akikusomea ataongeza chumvi, na akifika mahali pagumu atapumua. Nitakuja nazo mkononi nikusomee mwenyewe, na nikiruka mahali uniambie.

Mwanao